Ghala la Mabomu Katikati ya Jiji: Umbali Gani Unatosha?

Jumatano ya tarehe 29 Aprili 2009, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, mabomu yalianza kulipuka ndani ya kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) iliyopo Mbagala Kizuiani, Dar es Salaam. Mlipuko haukuwa mmoja. Ilifuatana kwa muda mrefu, makombora yakipaa juu ya mapaa ya watu na kuangukia majumbani na barabarani. Watu walikimbia bila kujua wanakimbilia wapi. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, wakiwemo watoto waliozama Mto Kizinga wakijaribu kuuvuka ili wawe mbali na moto. Maelfu ya nyumba ziliharibika.

Haikutimia miaka miwili. Usiku wa Jumatano nyingine, 16 Februari 2011, ikawa zamu ya Gongo la Mboto, upande wa pili wa jiji. Maghala 23 ya kambi ya jeshi yaliteketea. Safari za ndege katika Uwanja wa Julius Nyerere zilisimama. Watu kwa maelfu walikesha kwenye uwanja wa michezo wa taifa, na watoto kwa mamia walipotezana na wazazi wao gizani. Hapo pia waliokufa walizidi 20.

Baada ya misiba hiyo miwili, swali lililotawala vijiweni, kwenye daladala na hata bungeni lilikuwa moja: nani alimfuata mwenzake? Kuna waliosema jeshi lilikuwepo tangu eneo lile ni pori, wananchi wakaja kujibanza ukutani. Kuna waliosema wazee wao walizikwa pale kabla bikoni ya kwanza ya jeshi haijachimbiwa. Nimelisikiliza sana bishano hilo, na ninaona linatupotezea muda. Hata tukijua kwa hakika nani alifika kwanza, kombora haliulizi hati ya kiwanja. Cha kuuliza ni kilichomo ndani ya uzio, kipo kiasi gani, kina umri gani, na nyumba ya kwanza ipo mita ngapi kutoka hapo.

Kambi ni kitu kimoja, ghala ni kingine

Tunapotamka "kambi ya jeshi" tunachanganya mambo mengi ndani ya neno moja. Kuna kambi ambazo kimsingi ni makazi na ofisi: mabweni ya askari, nyumba za maofisa, uwanja wa gwaride, karakana ya magari, bwalo, zahanati. Kambi ya namna hiyo ndani ya jiji ni jirani wa kawaida kabisa, na mara nyingi ni jirani mwema. Mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kutibiwa Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, au aliyesomesha mtoto Jitegemee pale Mgulani, analijua hilo bila kuelezwa. Maeneo ya jeshi pia yamebaki kuwa sehemu chache za jiji zenye miti mikubwa na ardhi isiyojengwa.

Halafu kuna kambi yenye ghala la silaha. Askari wa zamu huhitaji bunduki na risasi kiasi cha kazi yao, na chumba cha silaha cha namna hiyo kipo hata kwenye vituo vya polisi. Hilo si tatizo kubwa. Tatizo ni ghala kuu, lenye makombora ya mizinga, roketi, mabomu ya ardhini, masanduku ya baruti na vifyatulio vyake, vikihesabiwa kwa tani. Kwa mtu aliye nje ya uzio, kambi hizi mbili zinafanana. Zote zina ukuta au seng'enge, zote zina lindo getini, zote zina kibao kinachosema eneo la jeshi, hairuhusiwi kupita wala kupiga picha. Kwa hiyo anayeishi jirani hana namna ya kujua kama amepakana na bwalo la chakula au na tani mia za vilipuzi.

Kwa nini kambi zikawa mijini tangu mwanzo? Sababu ni za kawaida. Wakoloni waliweka askari wao karibu na bandari, reli na makao ya serikali, kwa sababu hivyo ndivyo vitu walivyotaka kuvilinda, na kwa sababu askari wale walikusudiwa zaidi kuwadhibiti wenyeji. Nchi zilipopata uhuru zilirithi majengo yaleyale. Eastleigh ya Nairobi ilikuwa kituo cha jeshi la anga la Uingereza kabla haijawa kambi ya anga ya Kenya. Kambi ya Colito, Dar es Salaam, ilikuwa ya kikosi kilichorithiwa kutoka jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na humo ndimo maasi ya Januari 1964 yalimoanzia, maasi yaliyosababisha jeshi lile livunjwe na JWTZ kuundwa Septemba mwaka huohuo. Kambi hiyo leo ndiyo Lugalo. Serikali yoyote inapenda askari wake wawe karibu na mji mkuu, na wakati mwingine inawaogopa kwa sababu hiyohiyo. Wakenya wanaokumbuka jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 wanajua jinsi kikosi kilichopo dakika chache kutoka katikati ya jiji kinavyoweza kuitikisa nchi nzima kwa asubuhi moja.

Lakini mambo ya mapinduzi ni ya siasa, na hatari yake hupita. Hatari ya ghala haipiti. Ipo mchana na usiku, wakati wa amani, wakati askari wote ni watiifu.

Hesabu ya umbali

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, na ajabu ni kwamba ndipo panapozungumzwa kidogo zaidi. Umbali salama kati ya ghala la vilipuzi na nyumba za watu haukisiwi. Una kanuni. Majeshi ya nchi za NATO yameitumia kwa miongo mingi, na Umoja wa Mataifa umeiweka kwenye miongozo yake ya kimataifa ya kutunza risasi na mabomu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011.

Kwa vilipuzi vya kundi baya zaidi, yaani vile vinavyoweza kulipuka vyote kwa mkupuo mmoja, kanuni ni hii: chukua uzito wa vilipuzi kwa kilo, tafuta kipeuo chake cha tatu, kisha zidisha kwa 22.2. Jibu ni mita ambazo nyumba ya kuishi inatakiwa iwe mbali na ghala. Kipeuo cha tatu cha 1,000 ni 10, kwa kuwa 10 mara 10 mara 10 ni 1,000, kwa hiyo tani moja inahitaji mita 222. Tani nane, ambazo ni kilo 8,000, zinahitaji mita 444. Tani 27 zinahitaji mita 666. Tani 125 zinahitaji mita 1,110. Na tani 1,000 zikiwekwa mahali pamoja zinahitaji kilomita 2.2 kila upande, yaani duara lenye kilomita za mraba zaidi ya 15 lisilo na nyumba hata moja ndani yake.

Angalia jinsi namba hizo zinavyokwenda. Kutoka tani moja hadi nane mzigo umeongezeka mara nane, ila umbali umeongezeka mara mbili tu. Maana yake ni kwamba ukipunguza nusu ya mabomu ghalani, hujapunguza nusu ya umbali wa hatari. Ili umbali upungue nusu, itabidi uondoe saba ya nane ya mzigo. Kiongozi anayesema "tumeshapunguza sana" anatakiwa aulizwe mmepunguza kutoka tani ngapi hadi tani ngapi, maana neno "sana" haliingii kwenye kanuni hii.

Na umbali huo haumaanishi kwamba aliye nje yake hataguswa. Kwenye ukingo wa duara bado vioo hupasuka, mabati huezuka, kuta dhaifu hupata nyufa. Kinachoahidiwa ni kwamba nyumba imara haitaanguka na watu wengi hawatakufa. Isitoshe, kanuni inahesabu wimbi la mlipuko peke yake. Vipande vya chuma vina tabia yake, na ndiyo sababu miongozo huweka kiwango cha chini cha mita mia kadhaa hata kama mzigo ni mdogo.

Roketi ndizo mbaya zaidi. Bomu lililolala sandukuni linalipuka pale lilipo. Roketi ina injini yake. Moto ukiifikia, injini inawaka na roketi inaondoka kama ilivyoumbwa kuondoka, bila wa kuilenga. Hilo ndilo lililowatokea watu wa Gongo la Mboto ambao nyumba zao hazikuwa karibu kabisa na uzio na bado zikafikiwa na vitu vizito kutoka angani.

Ghala moja au maghala arobaini

Kuna njia ya kupunguza duara bila kuondoa mzigo. Tani 1,000 zikigawanywa kwenye maghala 40 ya tani 25 kila moja, na maghala hayo yakatenganishwa inavyotakiwa, basi hesabu haifanywi tena kwa tani 1,000. Inafanywa kwa ghala moja, na jibu linashuka kutoka mita 2,220 hadi takribani mita 650. Kwa sababu hiyo, eneo la maghala lililopangwa vizuri huonekana limetawanyika: majengo madogo, moja huku, jingine kule, katikati yake matuta makubwa ya udongo au maghala yenyewe kufukiwa udongo juu. Tuta la udongo linafanya kazi kubwa kuliko ukuta wa zege, kwani linameza vipande na kuelekeza wimbi juu badala ya kulipitisha upande.

Sharti la hesabu hiyo ni moja tu, kwamba ghala moja likilipuka lisiwashe jirani yake. Nafasi ikibanwa, au matuta yakimomonyoka kwa mvua za masika bila kurudishiwa, au ghala likajazwa zaidi ya uwezo wake kwa sababu shehena mpya imefika na hakuna pa kuiweka, sharti linavunjika. Hapo maghala 40 yanageuka kuwa ghala moja kubwa, na nyumba zilizojengwa mita 700 kutoka hapo zinajikuta ndani ya duara la kilomita mbili bila kuhama. Maghala 23 yakiteketea usiku mmoja, anayejua hesabu hii haambiwi zaidi.

Kinachozeeka ghalani

Wengi tunadhani bomu hulipuka kwa sababu mtu amelichokoza. Huwa hivyo mara nyingi: fundi ameliangusha, umeme umepiga shoti, majani yamechomwa karibu na uzio. Lakini kuna kitu kinachoendelea ghalani hata mlango ukiwa umefungwa miaka kumi.

Baruti inayorusha kombora kutoka kwenye mzinga hutengenezwa kwa naitroselulosi, na naitroselulosi huoza polepole tangu siku ilipotoka kiwandani. Inapooza hutoa joto na gesi, na gesi hiyo inaharakisha uozo. Ili kuuzuia mzunguko huo, kiwandani huchanganywa kemikali ya kutuliza, inayoifyonza gesi kila inapotoka. Kemikali hiyo inakwisha. Siku itakayokwisha, hakuna kinachouzuia uozo tena, joto linajikusanya ndani ya rundo, na baruti inaweza kuwaka yenyewe.

Kasi ya kuisha inategemea joto la mahali. Kadiri ya kawaida ya wanakemia ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kasi ya uozo huongezeka mara mbili au zaidi. Sasa fikiria shehena iliyotengenezwa kwa kukusudiwa ghala la nchi ya baridi, ikaletwa pwani ya Afrika Mashariki na kuwekwa chini ya bati, Januari hadi Machi, mwaka baada ya mwaka. Maandishi ya kiwandani yanayosema itadumu miaka 20 hayakuandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam.

Dawa yake inajulikana. Kila kundi la baruti lina namba yake, na sampuli hupelekwa maabara kwa vipindi ili kupima kemikali ya kutuliza imebaki kiasi gani. Ikishuka chini ya kiwango, kundi zima linaondolewa na kuteketezwa. Kinachohitajika ni maabara, daftari la kumbukumbu lisilopotea, mafundi waliosomea kazi hiyo, na bajeti inayofika. Majeshi mengi ya bara letu yalipokea silaha zao nyingi wakati wa vita baridi, ama kwa msaada ama kwa bei nafuu, na zilizokuja ni mabomu, si maabara. Kuteketeza mabomu ya zamani ni gharama isiyoonekana kwenye gwaride la sikukuu ya uhuru, kwa hiyo huwa ya mwisho kupewa fedha.

Maputo inafundisha hapa. Ghala la Malhazine lililipuka 22 Machi 2007 na kuua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vilivyolizunguka. Joto la siku zile lilitajwa kuwa miongoni mwa sababu, na mwanzoni mwa mwaka huohuo palikuwa pameshatokea mlipuko mdogo palepale. Ghala lilikuwa limeonya. Baadaye eneo lile lilisafishwa na kufanywa hifadhi ya mazingira. Natamani Watanzania wengi zaidi waijue habari hiyo, kwa sababu inaonyesha kwamba ardhi ya ghala inaweza kurudishwa kwa wakazi wa jiji ikiwa na faida kwao.

Jinsi mji unavyokaribia uzio

Sensa ya 1978 ilihesabu watu takribani 843,000 mkoani Dar es Salaam. Ya 2002 ilihesabu karibu milioni 2.5. Ya 2012 ikafika milioni 4.36, na ya 2022 milioni 5.38. Barabara ya Kilwa na barabara ya Pugu ni mikono miwili ambayo jiji liliinyoosha kuelekea kusini na magharibi, na kambi zilizokuwa nje ya mji zikajikuta ndani bila kuhama hata hatua moja.

Namna kiwanja kinavyouzwa pembezoni mwa jiji kila mtu anaijua. Mwenye shamba anakata vipande. Mnunuzi na muuzaji wanaandikiana karatasi mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa, asilimia ya ofisi inalipwa. Kwenye karatasi ile mipaka inatajwa kwa majirani: kaskazini bwana fulani, kusini njia, mashariki mwembe, magharibi eneo la jeshi. Maneno hayo ya mwisho yanaandikwa kama sifa ya usalama. Wanunuzi wengi hupenda kiwanja kilichopakana na jeshi kwa kuwa wezi hawafiki na jirani wa upande ule hatajenga ghorofa la kuwazibia upepo. Sioni ujinga wowote katika hilo. Mtu anafanya uamuzi mzuri kwa taarifa alizopewa, na taarifa ya duara la hatari hakupewa na yeyote.

Linganisha na mambo mengine mawili. Leo hata mtoto wa shule Dar es Salaam anajua mita 60 kutoka ukingo wa mto hapajengwi, kwa sababu sheria ya mazingira ya 2004 inasema hivyo na watu wamebomolewa mabondeni kwa ajili yake. Anajua pia alama ya X nyekundu kwenye ukuta maana yake ni hifadhi ya barabara. Namba hizo mbili zimetangazwa, zimebishaniwa, zimepelekwa mahakamani. Namba ya tatu, ya mita ngapi kutoka ghala la mabomu, haipo kwenye kinywa cha mtu yeyote mtaani.

Sababu inayotolewa siku zote ni siri ya jeshi. Ninaiheshimu hoja hiyo, maana hakuna nchi inayochapisha orodha ya mabomu yake. Lakini kutangaza duara si kutangaza orodha. Uingereza, kwa mfano, ina ramani za mipaka ya usalama kuzunguka maghala yake. Mstari wa ndani, unaoitwa wa njano, unaonyesha umbali wa nyumba za kawaida. Mstari wa nje, wa zambarau, upo mara mbili ya umbali huo, nao ni kwa majengo yanayodhurika upesi, kama shule, hospitali na majengo yenye vioo vingi. Halmashauri ikipokea ombi la kujenga ndani ya mistari hiyo, inalazimika kuiuliza wizara ya ulinzi kwanza. Hakuna anayejua kutokana na mstari huo ni mizinga mingapi imo ndani. Anayejenga shule anajua tu kwamba pale hapafai.

Lagos, Brazzaville, Bata

Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, yenye makao yake Geneva, imekuwa ikiorodhesha milipuko ya bahati mbaya kwenye maghala ya silaha duniani tangu 1979, na orodha imeshapita matukio 500. Afrika ina misiba yake mizito humo, na mitatu inafaa kutajwa pamoja kwa sababu inafanana.

Ikeja, Lagos, Jumapili 27 Januari 2002. Moto ulioripotiwa kuanzia kwenye soko jirani ulifika kwenye ghala la kambi kubwa ndani ya jiji. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Wengi wao hawakuuawa na bomu. Walikimbia gizani kwa maelfu, wakaingia kwenye mfereji wa Oke-Afa uliofunikwa na magugu maji, na wale wa nyuma wakawasukuma wa mbele. Brazzaville, Jumapili 4 Machi 2012, kwenye kambi ya Mpila: zaidi ya watu 200, mtaa mzima ukabaki vifusi, na kanisa likawaangukia waumini. Bata, Guinea ya Ikweta, Jumapili 7 Machi 2021: zaidi ya watu 100 walikufa na mamia walijeruhiwa, rais akitaja uzembe katika kutunza vilipuzi pamoja na moto wa wakulima waliokuwa wakichoma mashamba jirani.

Ukiiweka misiba hii kando ya Mbagala na Gongo la Mboto, unaona kwamba chanzo kinabadilika kila mara. Huku soko, kule moto wa shamba, kwingine joto. Kisichobadilika ni vilipuzi vingi vilivyorundikwa pamoja na nyumba za watu ndani ya duara. Tume nyingi huundwa kutafuta nani aliwasha kiberiti. Kiberiti kitapatikana siku zote. Na ule mto wa Kizinga na mfereji wa Oke-Afa unasema jambo jingine, kwamba mtaa uliopakana na ghala unahitaji njia ya kukimbilia iliyojulikana mapema, yenye daraja, isiyoishia kwenye bonde.

Kuhamisha ghala ni kazi ya miaka

Baada ya msiba kila mtu anasema kambi ihamishwe. Ni sawa, ila ieleweke uzito wake. Baruti iliyochoka ni hatari kubebwa kuliko kuachwa. Msafara wa malori utapita barabara zilezile za mabasi na masoko, na kila lori ni ghala dogo linalotembea. Huko unakohamia lazima kuwe na duara lake, lililopimwa, lililolipiwa fidia na kusajiliwa, la sivyo baada ya miaka 30 tutaandika makala hii tena kuhusu wilaya nyingine. Korea Kusini ina uchumi mkubwa, na bado makubaliano ya 2004 ya kuitoa kambi kuu ya Marekani katika eneo la Yongsan, katikati ya Seoul, yalichukua hadi 2018 ndipo makao makuu yakahamia Pyeongtaek.

Kwa hiyo mimi ningeanza na mambo yanayowezekana mwaka huu. Kwanza, kutenganisha ghala kuu na kambi: askari, hospitali na shule zao wabaki mjini, mzigo mzito ndio utoke. Pili, kuteketeza kilichochakaa kabla ya kufikiria kuhamisha chochote, kwa sababu sehemu ya mzigo huo haina kazi tena hata vitani. Tatu, duara la kila ghala lichorwe kwenye ramani za mipango miji na nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, palepale karatasi za mauziano zinapogongwa muhuri. Hili la tatu halihitaji lori wala fidia, na sioni kwa nini lisifanyike.

Kwa wanaoishi jirani sasa hivi

Ukiona mwanga mkali au moshi mzito kutoka upande wa kambi, usiende dirishani kutazama. Beirut, 4 Agosti 2020, ghala la bandarini lilipolipuka, ingawa halikuwa la jeshi, watu wengi walikatwa na vioo kwa sababu walisimama madirishani wakitazama moto wa kwanza. Wimbi husafiri karibu na kasi ya sauti, ambayo ni takribani sekunde tatu kwa kilomita. Aliye kilomita mbili kutoka ghala ana sekunde tano au sita tangu aone mwanga, na zinatosha kulala chini nyuma ya ukuta wa ndani, mbali na vioo, mikono ikiwa kichwani. Milipuko ikifuatana, ondokeni mkiwa pamoja kuelekea mbali na kambi, kwa njia mnayoijua, na msikatize mto wala mfereji. Kubalianeni mapema nyumbani ni wapi mtakutana mkipotezana, na mtoto mdogo afundishwe jina kamili la mzazi na la mtaa wake. Gongo la Mboto wapo watoto walioweza kutaja "mama" na "baba" tu.

Na moto ukishazimika, kazi haijaisha. Makombora yaliyorushwa bila kulipuka hubaki kwenye bustani, visimani na juu ya mapaa kwa miezi au miaka. Watoto huyachezea, na wanaookota vyuma chakavu huyabeba kwa kuwa ni mazito na yanalipa. Kitu chochote cha chuma chenye umbo la chupa, bomba au yai ambacho hakikuwepo jana kisiguswe, kisimwagiwe maji, kisifukiwe. Weka alama ukiwa mbali nacho, wazuie watoto, kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi kwa namba 112 ili wataalamu wa jeshi waje kukiondoa.